Jaji na Dada Yake wa Kunyonya

Marehemu mume wangu alikuwa jaji wa rufaa hapa London, nami sikuona haya kulisema hilo mahali popote, hata pale ambapo hakuna aliyeniuliza. Nililisema kwenye foleni ya nyama Wembley, nikalisema kwa wauguzi waliomlaza kitandani kwa mara ya mwisho, na nalisema hapa. Mtu aliyesoma sheria katika chumba cha kupanga, mikono yake ikinuka magunia ya posta, ana haki ya kutajwa kwa cheo chake. Lakini ninaloliandika leo si cheo. Ni habari ya mwanamke mmoja aliyempoteza mwanawe kwa sababu ya cheo hicho, na ambaye mume wangu alikufa akiisubiri radhi yake.

Nitakwenda kwa tarehe, kwa kuwa ndivyo nilivyofundishwa. Udogoni sikupelekwa skuli. Baba yangu aliona chuo cha Kurani kinamtosha mtoto wa kike. Kalamu ya skuli niliishika kwa mara ya kwanza Septemba 1971, hapa hapa London, nikiwa tayari mama wa mtoto mmoja, katika darasa la jioni la watu wazima. Mwalimu wetu alikuwa Mwairishi mwenye sauti nene. Kazi isiyo na tarehe juu ya ukurasa aliirudisha bila kuisoma, hata kama mwanafunzi ameandika usiku kucha. Tangu siku hizo siwezi kukumbuka jambo bila kwanza kutafuta mwaka wake na mwezi wake.

Tulifika London Aprili 1965, mwaka mmoja na ushei baada ya Mapinduzi. Unguja mume wangu alikuwa karani wa mahakama, kazi yake kusimama mlangoni na kuita majina ya wenye kesi. Alikuwa na sauti nzuri ya kuita. London hakuna aliyeihitaji sauti hiyo, basi akapanga barua posta tangu alfajiri hadi mchana, na jioni akaenda kusoma sheria. Alikubaliwa kuwa wakili Novemba 1973. Mawakili wenzake walimsalimu kwa adabu na hawakumpa kesi hata moja. Waliompa kazi ya kwanza ni Wahindi waliofukuzwa Uganda mwaka wa nyuma yake, waliofungua maduka Wembley na waliofurahi kusema naye Kiswahili cha dukani.

"Wakili," mmoja wao alimwambia mbele yangu, "wewe mtu ya kwetu. Basi fanya bei ya kwetu."

"Ningekuwa mtu wa kwenu ningekuwa na duka," mume wangu akamjibu, na wakacheka hadi mke wa yule mwenye duka akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Kesi zao zilikuwa za ruhusa ya kuingia na kukaa, za wake waliozuiwa uwanja wa ndege na wazee walioachwa Kampala. Akazijua sheria hizo kuliko waliozitunga. Mwaka 1984 akateuliwa kuwa jaji wa ngazi ya kwanza wa mashauri ya uhamiaji, na Mei 1991 akapandishwa kuwa jaji wa rufaa. Waliokataliwa kuishi katika nchi hii, kisha wakashindwa mara ya kwanza, waliletwa mbele ya meza ya watu watatu, naye akikaa kiti cha katikati. Siku barua ya uteuzi ilipofika alikaa jikoni bila kuvua koti. "Mimi niliyeomba kuingia," alisema, "leo ndiye nitakayesema nani atoke." Nilimwekea chai. Hakuinywa.

Tangu siku hiyo nyumba yetu ilipata mila mpya. Mgeni yeyote akianza kusimulia habari za karatasi zake au za mwanawe, mume wangu aliinuka, akaomba radhi, akapanda chumbani juu na kuiacha chai yake mezani. Watu wa kwetu walilizoea hilo na kulifanyia mzaha. "Nyamazeni," walisema, "Jaji atapanda ngazi." Hakumchukia mtu kwa mzaha huo. Ila chai ikipoa, imepoa.

Sasa nimtaje wifi yangu.

Mume wangu alipozaliwa, mama yake alishikwa na homa kali na maziwa yakakauka. Jirani wa mlango wa pili alikuwa na mtoto wa kike mchanga. Akamchukua na mtoto wa mwenzake, akawanyonyesha wote wawili mpaka mama alipopona. Kwetu jambo hilo haliishi na kuachishwa ziwa. Waliokunywa maziwa ya mama mmoja ni ndugu: hawaoani kamwe, mwanamke hajifuniki mbele ya mwanamume huyo, na watoto wake humwita mjomba. Yule mtoto wa jirani akawa dada yake, na siku nilipoolewa akawa wifi yangu. Nina mawifi wengine wa damu. Huyu ndiye aliyeniosha miguu arusini.

Alikuja London Agosti 1988 kumfuata mumewe, mpishi wa meli aliyekuwa na haki ya kuishi hapa, na mume akafariki kabla mwaka haujaisha. Wakakaa Stratford, yeye na mwanawe wa pekee, aliyemfuata baadaye kwa karatasi za masomo. Kisha figo za wifi zikafa. Mara tatu kwa wiki ilimbidi alazwe hospitali kando ya mashine ya kusafisha damu, na kila alipotoka alikuwa kama nguo iliyokamuliwa. Mwanawe ndiye aliyempeleka na kumrudisha, kumpikia na kumwogesha. Katika shughuli hizo masomo yakakatika, na karatasi zake zikaisha muda. Mama alikuwa na haki ya kukaa. Mtoto hakuwa nayo.

Jumapili, siku asizokwenda kwenye mashine, mwanawe alimleta kwetu kwa treni. Akiingia tu, mtandio unashuka mabegani na sauti inapanda.

"Mwizi yuko wapi?"

"Mwizi wa nini tena, asubuhi yote hii?" mume wangu anaitikia kutoka sebuleni.

"Wa ziwa langu! Mama kanigawia la kushoto mimi, wewe la kulia. Umemaliza la kwako, ukahamia na kwangu. Ndiyo maana wewe umenenepa ukawa jaji, na mimi nimebaki mifupa."

"Kata rufaa."

"Kwa nani? Na jaji mwenyewe ndiye mwizi!"

Mzaha huo niliusikia kila Jumapili kwa miaka, na kila Jumapili walicheka kama wanausikia leo. Binti yangu, aliyezaliwa hapa, huelewa Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza. Huo ndio mzaha pekee aliouitikia kwa lugha yetu. "Kata rufaa, shangazi!" alikuwa akipiga kelele kutoka ngazini.

Maombi ya kijana kukaa nchini yalikataliwa, na Oktoba 1995 akashindwa mbele ya jaji wa kwanza. Rufaa yake ikapangwa Machi 1996, mbele ya jaji mwingine, si mume wangu. Wifi alipojaribu kuitaja Jumapili, mume wangu alipanda ngazi. Hata kwa dada yake hakulegeza. Nilimwuliza kama naweza kumsindikiza wifi mahakamani, kwa kuwa hakujua Kiingereza, akanijibu, "Nenda. Ila usiniambie siku wala chumba." Sikumwambia.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Wifi nami tulikaa benchi la nyuma. Kijana alikaa mbele na wakili wake, mama wa Kiingereza aliyevaa viatu vilivyochakaa, jambo lililonipa imani naye. Upande wa pili alikaa wakili wa serikali, kijana aliyekuwa hajazoea kola yake. Tukaambiwa tusimame. Majaji watatu wakaingia, na wa katikati alikuwa mume wangu.

Baadaye nilielewa yaliyotokea. Jaji aliyepangiwa alikuwa ameugua asubuhi ile, mashauri yake yakagawiwa, na faili hili mume wangu alikabidhiwa mlangoni akiwa anaingia. Lakini wakati ule nilihisi mkono wa wifi ukinibana.

"Wifi! Ni yeye! Alhamdulillahi, ni yeye!" Na kwa kuwa alikuwa mbele ya kaka yake, akaushusha mtandio mabegani kama afanyavyo kwetu Jumapili. Alitabasamu kwa meno yote. Sikupata kumwona mwanadamu aliyejiona ameokoka kama yeye dakika ile.

Mume wangu alilisoma jina juu ya faili. Akatutazama. Akavua miwani. Kisha akasema kwa Kiingereza, kwa ile sauti yake ya kuita majina, kwamba hawezi kuisikiliza rufaa hii kwa sababu mrufani ni mpwa wake.

Wakili wa serikali akasimama, akapekua karatasi zake. Alisema kwa adabu kwamba haelewi, maana kumbukumbu zinaonyesha mama wa mrufani hana kaka.

"Mama yake na mimi," mume wangu akasema, "tulinyonyeshwa na mama mmoja."

Mmoja wa wenzake mezani aliitazama kalamu yake. Wakili wa serikali akafikiri, akasema kwamba kwa heshima zote, sheria ya nchi hii hailitambui jambo hilo kuwa udugu, na serikali haina pingamizi Mheshimiwa akiendelea. Yule mama wa viatu vilivyochakaa akaruka kusimama. Upande wake pia hauna pingamizi, akasema. Hata kidogo.

Mlango ulikuwa wazi namna hiyo. Adui na rafiki walimwomba akae. Aliiweka mikono juu ya meza, nami nilimjua, nilijua anapima. Kisha akasema, "Sheria haimjui. Mimi namjua." Akainuka, akatoka kwa mlango wa nyuma.

"Kasema nini?" wifi akaniuliza. "Wifi, kasema nini?"

"Kasema wewe ni dada yake."

"Basi anakwenda wapi?"

Nimesoma vitabu vingi tangu 1971, na jibu la swali hilo bado sina.

Jioni ile nilimwandalia chakula, nikakaa mbele yake. Niliogopa atapanda ngazi. Hakupanda.

"Wote wawili walikuruhusu," nikasema.

"Nilisikia."

"Ungempa?"

"Hilo usiniulize, bibie."

"Nakuuliza kama mkeo. Mahakama haimo humu."

Aliisogeza sahani ya wali kando. "Ili nikae kwenye kile kiti," akasema, "ingebidi nikubaliane nao kwamba yule si dada yangu. Nimkane kwanza, kisha nimsaidie?"

"Ungemkana asubuhi moja, akabaki na mwanawe maisha."

"Na yule anayesubiri nje ya mlango, asiye na mjomba jaji? Yeye nimwambie nini?"

Nilikuwa na hasira, na nilijivunia pia. Mambo hayo mawili yalikaa kifuani mwangu kama wake wenza, hayasemeshani. Nilitoa sahani mezani zikiwa zimejaa.

Juni 1996 meza nyingine iliisikiliza rufaa. Walisema kwa maneno mazuri kwamba wanamhurumia mama, lakini hospitali ipo, na halmashauri itampatia mtu wa kumtazama nyumbani. Septemba kijana akapandishwa ndege. Wifi hakuweza kumfuata, kwa sababu Unguja ya wakati ule hakuwa na pa kuipata mashine. Angemfuata mwanawe, asingemaliza wiki mbili. Akabaki Stratford na picha yake juu ya televisheni. Halmashauri ilimpa mlezi, binti wa Kikenya aliyevaa msalaba shingoni na aliyemwita "mama" tangu siku ya kwanza. Ninamshukuru binti yule mpaka leo.

Jumapili wifi hakuja tena. Alikuja mara moja tu, Idi ya Februari 1997, nami nilidhani yameisha. Nilimpokea, nikamkalisha, nikamletea tambi za sukari. Mume wangu aliposikia sauti yake alishuka haraka, uso umemng'aa.

Wifi akauvuta mtandio, akaufunika uso wote yakabaki macho. Akainuka.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

Walikuwa wamepishana miezi tu kuzaliwa. Mume wangu akacheka, alidhani ni mzaha mpya. "Ewe, mwenye mifupa—"

"Mimi mtu baki, Mheshimiwa. Mwanamke hajifunui mbele ya mwanamume asiye wake."

"Nilikwita dada mbele ya watu. Nililitoa hilo kwa kinywa changu."

"Ulilitoa. Miaka yote uliniita mwizi mwenzio, mifupa, mpumbavu, nikala kwako, nikalala kwako. Dada uliniita siku moja tu, mbele ya Wazungu, na siku hiyo ndiyo uliyonifukuzia mwanangu."

Mume wangu akapanda ngazi, polepole, akishika ukuta. Wifi akamaliza tambi zake, akanishukuru, akaondoka. Hawakuonana tena mume wangu akiwa hai.

Mimi niliendelea kwenda hospitali kukaa naye kando ya mashine. Aliniruhusu. Tulizungumza bei za samaki, magoti yetu, habari za Unguja alizoletewa na mwanawe kwa simu. Ila jina alilibadili. Hakuniita tena wifi. Aliniita "bibie", kama mtu anavyomwita mwenye duka. Nililipokea kila mara kama kibao, nikarudi tena wiki iliyofuata.

Mume wangu alistaafu Desemba 1999. Walimfanyia hafla, wakamsifu kwa uadilifu, na mmoja alikitaja kisa kile kama mfano wa kufuatwa na majaji vijana. Nilimtazama wakati wanapiga makofi. Alikuwa akiitazama sakafu.

Moyo ulimshinda majira ya baridi ya mwaka uliofuata, na Januari 2001 akalazwa. Hakuomba mengi. Siku moja alinishika kiganja na kusema, "Nenda Stratford. Kaniombee radhi."

Nilikwenda. Wifi alikuwa ametoka kwenye mashine, amejilaza kwenye kochi, miguu imefunikwa blanketi.

"Anaumwa sana?" akaniuliza.

"Sana."

"Anakula?"

"Hali. Anakuomba radhi."

Binti wa Kikenya alizima televisheni akaenda jikoni kwa heshima. Kisha wifi akasema, bila kuinua sauti, "Mwambie akate rufaa."

Njiani, ndani ya treni, niliyageuzageuza maneno yale nikitafuta namna ya kuyapunguza. Sikupata. Nilimwambia kama yalivyo. Mume wangu akacheka! Alicheka mpaka akakohoa, nikamwinua mto. Ndio mzaha wao ule, ulimrudia kama mtu anayerudi nyumbani. Kisha akanitazama.

"Alikuwa anacheka aliposema?"

Ningeweza kusema ndiyo. Lakini nilikuwa nimekaa miaka thelathini na minane na mtu asiyeweza kusema uongo hata wa kumwokoa mpwa wake.

"La," nikamwambia. "Hakuwa anacheka."

Akaugeuza uso ukutani.

Alifariki Alhamisi, tarehe 8 Februari 2001, na kwa rehema ya Mungu karatasi zilikamilika mapema, tukamzika kesho yake baada ya sala ya Ijumaa. Asubuhi hiyo wanaume walimwosha katika chumba cha msikiti na kumvika sanda, wakaacha uso wazi ili wa karibu waage. Mlangoni alisimama mzee wa Mombasa mwenye taulo begani, akituuliza mmoja mmoja, kwa kuwa mwanamke anayeingia kumwona maiti mwanamume lazima awe mke au maharimu wake, mtu aliyeharamishiwa kuolewa naye.

"Mke," nikasema. Binti yangu, kwa mara ya kwanza mbele ya watu, akajibu kwa Kiswahili: "Mtoto wake."

Tulipotoka nilimwona wifi mwisho wa ukumbi, ameegemea mkono wa yule binti wa Kikenya. Ijumaa ilikuwa siku yake ya mashine. Alikuwa ameiacha. Uso ulikuwa umefunikwa yakaonekana macho tu, kama siku ile ya Idi. Alikuja taratibu mpaka mlangoni.

"Na huyu bibi," mzee akaniuliza, "ni nani wa marehemu?"

Nilifungua kinywa nimshuhudie. Wifi akaniwekea mkono kifuani.

"Usihangaike, bibie. Alishasema mwenyewe. Mbele ya mahakama." Akaushusha mtandio mpaka mabegani, kichwa wazi, mvi zote nje. "Mimi ni dada yake."

Mzee akasogea kando.

Aliingia peke yake. Kupitia mlango nilimwona akiinama juu ya ule uso, akiwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili ili asianguke. Kama alisema kitu, sikukisikia. Alikaa hivyo mpaka mzee akakohoa kwa upole, jeneza lilikuwa linasubiriwa.

Baada ya maziko tulimpeleka moja kwa moja hospitali, wakamfunga kwenye mashine huku wakimgombeza kwa kuchelewa. Nilikaa kwenye kiti changu cha siku zote. Nilivumilia mpaka sikuweza tena.

"Umempa radhi?"

Aliutazama mpira wa damu unaoingia mkononi mwake. "Nimemwona tu, wifi," akasema.

Kisha akaniomba nimpigie simu mwanawe Unguja, nikampigia, nikamshikilia mama yake simu sikioni kwa sababu mkono wake ulikuwa umefungwa kwenye mashine.

"Mjomba wako tumemzika leo," akamwambia.

Upande wa pili kijana alisema maneno marefu ambayo sikuyasikia. Mama yake aliyasikiliza yote, macho ameyafumba.

"Hapana, mwanangu," akajibu. "Hakuniambia kitu. Kaondoka tu, kama siku ile mahakamani."